Nzi wa Muller na dola ya Stalin

Mimi si mwanabiolojia, nafundisha historia. Hata hivyo, mhadhara wangu kuhusu dola na sayansi huanza na nzi wa matunda.

Mwaka 1932, katika mkutano wa kimataifa wa wanajenetiki mjini Ithaca, Marekani, Hermann Muller alieleza jaribio lake. Nzi wa kawaida ana macho mekundu. Baadhi ya nzi wake walikuwa na macho yaliyofifia kwa sababu ya kasoro katika jeni moja. Je, jeni hiyo ilikuwa imekufa, ilikuwa inaharibu, au ilifanya kazi kwa unyonge? Muller aliwaongezea nzi nakala nyingine ya jeni ileile yenye kasoro. Kama ingekuwa mfu, pasingekuwa na badiliko. Kama ingekuwa inaharibu, macho yangezidi kufifia. Badala yake yalikoza, yakaukaribia wekundu wa kawaida. Jeni ilikuwa ikifanya kazi yake, ila ilipungukiwa nguvu.

Wataalamu wa nzi walikwisha kuona pia kwamba kasoro ya jeni moja huweza kuzimwa na badiliko katika jeni nyingine kabisa. Walijifunza kutohukumu kwa kutazama sura ya nje.

Mwaka 1933 Muller, aliyeuamini ujamaa, alihamia Umoja wa Kisovieti kwa mwaliko wa Nikolai Vavilov. Desemba 1936, mjini Moscow, aliitetea jenetiki hadharani dhidi ya Trofim Lysenko, aliyedai kuwa mazingira hubadili urithi wa mimea, na ambaye alikuwa na kibali cha Stalin. Israil Agol na Solomon Levit, waliowahi kufanya kazi na Muller huko Texas, waliuawa na dola. Muller aliondoka mwaka 1937. Vavilov alikamatwa mwaka 1940, akafia gerezani mwaka 1943. Agosti 1948 mafundisho ya Lysenko yakawa msimamo rasmi, na maabara za nzi zikafungwa.

Ndugu msomaji, hata katika ofisi zetu idara ikizorota hukumu huwa tayari: ivunjwe. Mtumishi akihoji, ahamishwe. Kabla ya kutia saini, tuulize alivyouliza Muller: je, hiki tunachokiondoa kimekufa, kinadhuru, au kimenyimwa tu cha kukitosha? Jibu lake hupatikana kwa kujaribu, na anayetawala kwa hofu hatalipata, kwa kuwa wa kumjibu amekwisha kuwaondoa.