Kulisha kasuku kwa sirinji: Mambo ya kujua kabla uji haujaingia pabaya

Kasuku anaweza kufa mikononi mwako ndani ya dakika chache, tena akilishwa chakula kizuri kabisa. Uji ukiingia kwenye njia ya hewa badala ya kushuka kwenye gole, mara nyingi hakuna la kufanya.

Hata hivyo, wauzaji wengi wa ndege humkabidhi mteja kinda asiye na manyoya, pakiti ya unga na sirinji, kisha wanamwambia, "Mpe tu, atazoea." Hapana. Kuna mambo ya kujifunza kwanza, na bora zaidi umwone mtu mzoefu au daktari wa ndege akifanya mbele yako kabla hujashika hiyo sirinji.

Makala haya yanamtumia zaidi kasuku wa kijivu wa Afrika, yule mwenye mkia mwekundu na kipaji cha kuiga sauti. Mengi yanawahusu pia kokateli, baji na wale kasuku wadogo wanaopenda kukaa wawili wawili.

Kwanza, huyo kasuku ni halali?

Kasuku wa kijivu amewekwa kwenye kundi la ndege walio hatarini kutoweka tangu 2016. Mwaka huo huo, mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg uliamua kumhamishia Kiambatisho cha Kwanza, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2017. Maana yake, biashara ya kimataifa ya wale wanaotolewa porini imepigwa marufuku.

Hapa Kenya waliobaki porini ni wachache mno, na wanahusishwa na Msitu wa Kakamega. Wengi wanaokamatwa kwenye magendo ya kanda hii hutoka Congo. Kituo cha Lwiro kule Kivu Kusini, ambacho watu wengi wanakijua kwa sokwe, hupokea pia kasuku walionaswa mikononi mwa walanguzi. Kumfuga nchini Kenya bila kibali cha KWS ni kosa, kwa hiyo ukiambiwa "huyu hana makaratasi lakini hakuna shida," jua shida ipo na itakuwa yako.

Chakula chenyewe

Kinda hulishwa fomula maalum ya unga inayochanganywa na maji. Kaytee, ZuPreem na Harrison's ni baadhi ya kampuni zinazoitengeneza. Fuata vipimo vya pakiti uliyonunua, maana kila kampuni ina vyake.

Maziwa ya ng'ombe usimpe. Ndege hana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na utamharisha bure. Uji wa wimbi au wa mahindi, hata uwe laini namna gani, hauna protini na kalsiamu ya kutosha kujenga mifupa ya kinda anayekua kila siku. Maziwa ya unga ya watoto wa binadamu nayo yaache yalipo.

Kinda wa siku chache hupewa uji mwepesi sana, karibu maji. Kadiri anavyokua unaufanya mzito, hadi ufanane na supu nzito. Ukiwa mwepesi kwa kinda mkubwa, atashiba maji na kukonda. Ukiwa mzito kwa kinda mdogo, unaganda kwenye gole.

Joto ndilo linaloua wengi

Uji uwe na nyuzijoto kati ya 40 na 41 za Selsiasi. Ukishuka chini ya 38, makinda wengi huukataa na gole hufanya kazi polepole. Ukipanda kufika 43 au 44, unaweza kuunguza gole kutoka ndani. Jeraha hilo halionekani siku hiyo. Baada ya siku kadhaa ngozi ya shingoni inakuwa nyekundu, kisha kigaga, halafu linatokea tundu na uji unaanza kuvuja kifuani. Hapo ni upasuaji.

Kwa hiyo kudondoshea tone kwenye mkono kama unavyopima chupa ya mtoto hakutoshi hapa. Tofauti ya uji mzuri na uji unaounguza ni nyuzi mbili au tatu, na ngozi yako haiwezi kuipima. Nunua kipimajoto cha jikoni. Koroga vizuri, pima, koroga tena, pima tena.

Mikrowevu pia ni mtego, kwa sababu inapasha sehemu moja zaidi ya nyingine. Katikati ya kikombe panaweza kuwa moto sana wakati pembeni ni vuguvugu. Njia salama ni kuchemsha maji, kuyaacha yapoe kiasi, kuchanganya unga, kisha kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto ili uji usipoe ukiwa unalisha. Uliobaki umwage. Usiuweke kwenye friji, usiupashe tena.

Sirinji inaingia upande gani?

Hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili.

Tundu la njia ya hewa la ndege liko sakafuni mwa mdomo, nyuma tu ya ulimi, na halina kile kifuniko ambacho binadamu anacho. Njia ya chakula inashuka upande wa kulia wa shingo yake. Ndiyo maana sirinji, bila sindano bila shaka, inaingizwa upande wa kushoto wa mdomo wa ndege na kuelekezwa kulia kwake. Kushoto na kulia hapa ni vya ndege. Mkitazamana, kushoto kwake ni kulia kwako.

Kinda mwenye njaa akiguswa pembeni mwa mdomo hutikisa kichwa juu na chini kwa nguvu, kama anayepiga pampu. Wakati huo anameza, na njia yake ya hewa inajifunga. Sukuma uji kwa kufuata mwendo huo. Akiacha kutikisa, na wewe acha. Usimlaze chali, usimimine mdomoni mwake akiwa ametulia, na ukiona uji umejaa kinywani au unatokea puani, toa sirinji na umwache ajisafishe.

Angalia pia sirinji yenyewe. Ile ambayo mpira wake umeanza kukwama inaruka ghafla na kumwaga mililita kumi kwa mpigo. Vile vipira laini vinavyochomekwa kwenye ncha navyo huchomoka, na kinda humeza bila kusita. Ukiweza, tumia kijiko kidogo kilichokunjwa pembeni. Ni kazi ya polepole na inachafua, lakini kinda ndiye anayeamua mwendo, na kwa anayeanza naona ni salama zaidi.

Kiasi gani, mara ngapi?

Kanuni inayotumika sana ni karibu asilimia 10 ya uzito wa kinda kwa mlo mmoja. Kinda wa gramu 200 anapata kama mililita 20. Gole likijaa liwe la mviringo na laini ukiligusa, kama puto lisilojazwa hadi kukaza.

Aliyetotolewa juzi hula kila baada ya saa mbili hivi. Akifika wiki mbili au tatu, milo inapungua hadi minne au mitano kwa siku, na inaendelea kupungua. Gole liachwe litupu kabisa angalau mara moja kwa siku, kwa kawaida alfajiri kabla ya mlo wa kwanza. Muda huo ndio wa kumpima uzito kwenye mizani ya dijitali, kila siku, na kuandika. Kinda anayeacha kuongezeka uzito anakuambia kitu kabla dalili nyingine hazijatokea.

Baridi pia inaharibu mmeng'enyo. Kinda asiye na manyoya anahitaji bruda yenye nyuzijoto 35 hadi 36 siku za mwanzo, kisha unashusha kadiri manyoya yanavyoota. Ukimlisha uji sahihi akiwa amepoa mwili, unakaa tu kwenye gole na kuchacha. Dalili zake ni harufu kali ya uchachu na gole ambalo bado limejaa asubuhi. Usiongeze chakula juu yake, wala usijaribu dawa za jikoni. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kasuku mkubwa ni habari nyingine

Kasuku aliyekomaa hulishwa kwa sirinji anapokuwa mgonjwa, ameumia mdomo au amegoma kula. Tatizo ni kwamba huyu hana tena ule mtikiso wa kichwa wa utotoni. Atafunga mdomo, atang'ata, atageuka. Mdomo wa kasuku wa kijivu unapasua karanga ngumu, sasa ncha ya plastiki itamshinda? Ataikata na kuimeza.

Ndiyo sababu madaktari wa ndege hutumia mrija wa chuma wenye ncha ya mviringo, wanaoupitisha moja kwa moja hadi kwenye gole. Usijaribu hilo nyumbani bila kufundishwa, kwa sababu ukikosea njia umeua.

Kabla ya chakula chochote, ndege mgonjwa anahitaji joto na maji mwilini. Sanduku au kizimba chenye nyuzijoto kama 29 hadi 32 humsaidia sana. Ndege aliyepoa, asiyeweza kuinua kichwa au anayetetemeka kwa degedege hapewi kitu mdomoni, hata maji. Degedege kwa kasuku wa kijivu mara nyingi hutokana na upungufu wa kalsiamu, hasa waliolelewa kwa mbegu za alizeti tupu, na hilo linatibiwa na daktari.

Daktari akikuruhusu kumlisha nyumbani, anza na kiasi kidogo. Kasuku mzima wa gramu 400 hadi 500 hapewi mililita 40 siku ya kwanza kisa kanuni ya makinda. Mfunge kwa taulo, lakini usimbane kifua. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Kifua chake kisipoweza kutanuka, anakosa hewa ukiwa unadhani umemtuliza. Na usisahau kunawa: kasuku mgonjwa anaweza kumwambukiza binadamu homa ya kasuku, ambayo hushambulia mapafu.

Je, ni lazima kununua kinda anayelishwa?

Wauzaji husema kasuku uliyemlisha mwenyewe ndiye atakupenda. Si kweli. Aliyeachishwa uji tayari na kuzoeshwa watu kwa upole anakuwa rafiki vilevile, na kinda wa kijivu huachishwa akiwa na wiki 12 hadi 16 hivi. Kinachomnufaisha muuzaji ni kukuuzia mapema ili gharama na usiku wa kuamka viwe vyako.

Ukiuziwa kinda wa wiki tano leo, muulize muuzaji mambo matatu kabla ya kulipa: uzito wake wa asubuhi ya leo, saa aliyolishwa mwisho, na jina la fomula anayotumia. Akishindwa hata moja, rudisha pesa mfukoni.