Kwa nini scanf inaruka swali lako?

Programu yangu ya kwanza ya maana niliiandika hapa Mwanza, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Shangazi yangu alikuwa anauza dagaa soko la Mwaloni, kule Kirumba, na mimi nikajitia kumtengenezea daftari la kompyuta. Iulize kilo za gunia, iulize daraja la dagaa, A au B, halafu itoe bei. Sehemu iliyonitesa ni hii:

printf("Kilo: ");
scanf("%d", &kilo);
printf("Daraja: ");
scanf("%c", &daraja);

Jaribu mwenyewe. Andika 40, bonyeza Enter. Neno "Daraja:" litatokea, na kabla hujagusa kitufe chochote programu itakuwa imeshapita. Nilihangaika nayo usiku mzima. Asubuhi nikaambiwa "weka nafasi kabla ya %c". Nikaweka, ikakubali, lakini sababu sikuelezwa. Nikaona basi, mambo haya yana watu wake. Wiki ile ile nilichukua fomu ya kubadili kozi.

Kumbe sababu ipo, na ina zaidi ya miaka hamsini.

Dennis Ritchie alitengeneza C mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara za Bell Labs huko New Jersey, Marekani. Watu wa pale waliongea na kompyuta kupitia mashine kama Teletype Model 33, ambayo ni kama taipureta iliyounganishwa kwa waya. Haikuwa na kioo. Ulichoandika wewe na ulichojibiwa na kompyuta vyote vilichapwa kwenye karatasi, herufi kumi kwa sekunde. Ukiwa na mashine ya mwendo huo, lazima upende amri fupi kama ls na cp!

Sasa fikiria umekosea herufi. Wino ukishagusa karatasi haufutiki. Kwenye Unix ya wakati huo uliandika alama # kumaanisha "ile herufi ya mwisho puuza", au @ kumaanisha "mstari wote huu puuza". Kwa hiyo mfumo haukuweza kuipa programu herufi moja moja kadiri ulivyoziandika, maana dakika yoyote ungeweza kubadili mawazo. Ulizishika pembeni mpaka ubonyeze kitufe cha kumaliza mstari, ndipo ukazikabidhi zote kwa pamoja, hata ile alama ya mstari mpya yenyewe.

Umeshaona mwizi wetu? Ulipoandika 40 na kubonyeza Enter, foleni ilipata vitu vitatu: 4, 0 na alama ya mstari mpya. %d ilichukua tarakimu mbili ikaacha alama. %c hupokea herufi yoyote ile, na alama ya mstari mpya nayo ni herufi. Ikaiokota, ikaenda zake. Ile nafasi niliyoambiwa niweke maana yake ni "ruka kwanza nafasi tupu zote zilizobaki".

Jambo jingine ambalo vitabu hulipita haraka: C yenyewe haijui kusoma wala kuandika. FORTRAN ilikuwa na READ na WRITE ndani ya lugha. Kwenye C kazi hiyo iliachiwa maktaba. Mike Lesk aliandika ya mwanzo, ikafanyiwa marekebisho hadi ikawa hii tunayoiita kwa stdio.h. Ndiyo maana ukisahau mstari wa #include unalalamikiwa.

Na sisi tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye kompyuta mambo yakaharibika, hasara ikapatikana, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ilikuja kulegezwa miaka ya 1980. Kitabu cha Kernighan na Ritchie, kilichoifikisha C kwa watu wengi, kilitoka 1978. Yaani wakati tabia hizi zinazoeleka kwa wenzetu, huku mlango ulikuwa umefungwa. Sisemi serikali ilikosea; fedha ilipotea kweli. Ila ninaposikia mwanafunzi anaambiwa "kariri tu, ndivyo ilivyo", naudhika, kwa sababu karatasi iliyofanya iwe hivyo hajawahi kuiona.

Turudi Mwaloni. Nafasi kabla ya %c haikumsaidia shangazi, kwa sababu yeye aliandika 40kg, kama anavyoandika kwenye daftari lake. %d ikachukua 40, na daraja la dagaa likawa k. Dawa ni kuukubali mstari kama mstari:

char mstari[80];
fgets(mstari, sizeof mstari, stdin);
sscanf(mstari, "%d", &kilo);

Swali la daraja nalo lipewe fgets yake, na sscanf yenye "%c". Angalia pia sscanf inarudisha ngapi: ikirudisha 1 imepata kitu, isiporudisha 1 muulize tena mtumiaji. Usishawishike na gets, haina kikomo cha herufi. Mwaka 1988 kirusi cha Morris kilipenya kwenye mashine nyingi kupitia udhaifu huo, na kiwango cha C cha 2011 kikaifuta kabisa. fgets hapa inasoma herufi 79 tu. Mtu akiandika zaidi, zilizobaki zitakaa kwenye foleni, zikisubiri swali lako linalofuata.