Mstari wa Mtoto Mmoja

Mwaka 1759, kabaila mmoja wa Ufaransa, Philippe Guéneau de Montbeillard, alianza kumpima mwanawe kimo, na akawa anarudia kila baada ya miezi sita hivi mpaka kijana alipokaribia miaka 18. Vipimo hivyo vilichapishwa mwaka 1777 na Buffon, mtaalamu mashuhuri wa elimu ya viumbe. Mtoto alizaliwa akiwa na sentimita 51 hivi, akafikia takriban 186. Jambo kubwa zaidi katika jedwali lile, hata hivyo, ni mwendo wenyewe. Mwaka wa kwanza aliongezeka zaidi ya sentimita 20, kisha kasi ikazidi kupungua hadi alipofika miaka 14 hivi, akarefuka ghafla, halafu akatulia. Ilichukua karibu miaka 150 kabla ya Mmarekani Richard Scammon kuvigeuza vipimo hivyo kuwa sentimita na kuvichora kwenye grafu, mwaka 1927. Kwa maoni yangu, somo kuu la grafu za ukuaji lilikuwa limekwisha kupatikana katika nyumba ile: mstari husema kweli pale unapomfuata mtoto mmoja. Wataalamu waliposahau hilo, walipotea njia.

Adolphe Quetelet, mwanafalaki na mtakwimu wa Ubelgiji, alikuwa hodari kuliko Montbeillard kwa kila kigezo cha hesabu. Katika miaka ya 1830 alikusanya vipimo vya watu wa rika mbalimbali, akatafuta wastani wa kila umri, akaunganisha wastani hizo kwa kanuni moja. Mstari wake ulipanda polepole bila kuonyesha ule mruko wa balehe. Na si ajabu. Watoto hawabalehe mwezi mmoja. Ukiwachanganya waliotangulia na waliochelewa, miruko yao huzimana, unabaki na mtoto wa wastani ambaye hajapata kuzaliwa popote. Henry Bowditch wa Boston, aliyepima maelfu ya wanafunzi katika miaka ya 1870, aliona kwamba kwa kipindi kifupi wasichana huwapita wavulana kwa kimo. Baadaye Franz Boas akaeleza kwamba kila mtoto ana kasi yake ya kupevuka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, James Tanner wa Uingereza alirudia njia ya Montbeillard kwa wingi: aliwafuata watoto walewale kwa miaka, akachora grafu za kasi pamoja na zile za kimo.

Yuko atakayesema kwamba mtoto mmoja hatoshi, kwa kuwa bila wenzake huwezi kujua kama yuko sawa. Ni kweli, ndiyo maana chati zina mistari ya kulinganishia. Lakini nafasi ya mtoto kati ya wenzake si hukumu. Mwembamba anayepanda sambamba na mstari wa chini huenda ni mzima kabisa, wakati mnene ambaye uzito wake haujaongezeka kwa miezi mitatu yumo hatarini. David Morley, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria, katika miaka ya 1950, alijenga kadi yake juu ya wazo hilo. Kisanduku cha kwanza kiliandikwa mwezi wa kuzaliwa, na miezi mingine ikafuata. Kila mtoto alipotolewa kwenye mizani, nukta moja iliwekwa katika safu ya mwezi ule na kuunganishwa na ya mwezi uliopita. Kadi haikufungiwa kabatini kliniki. Mama aliondoka nayo.

Mistari ya kulinganishia nayo ilizua kesi yake. Chati ya Marekani ya mwaka 1977, iliyoenea duniani, ilitegemea kwa watoto wachanga vipimo vya jimbo la Ohio, ambako wengi walinyweshwa maziwa ya chupa. Mtoto wa kunyonya alionekana kudorora baada ya miezi michache, na mama akawa katika hatari ya kushauriwa aanze uji mapema. Ndipo Shirika la Afya Duniani likapima watoto 8,500 hivi, kati ya 1997 na 2003, katika Accra, Delhi, Oslo, Muscat, Pelotas na Davis. Walipolelewa vizuri, urefu wao ulikaribiana sana, na chati mpya ikatolewa mwaka 2006. Dai kwamba watoto wetu ni wafupi kwa asili halikupata nguvu hapo.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba mizani hailishi mtu. Utafiti wa Tamil Nadu, India, uliochapishwa mwaka 1993, haukuona kwamba grafu iliongeza faida yoyote juu ya elimu ya lishe. Nakubali, ila nauliza: nukta ilipoteremka, nani alifanya nini? Katika mpango wa lishe wa Iringa, Tanzania, ulioanza mwaka 1983, vijiji vilipima watoto kwa kadi yenye kijani, kijivu na nyekundu, kisha matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji, na vituo vya kulishia watoto vikaanzishwa. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya 2 katika miaka michache. Kwa hiyo mzazi anayetoka kliniki aonyeshwe mstari wa mwanawe na aelezwe unaelekea wapi, na muuguzi apewe muda wa kuunganisha zile nukta badala ya kuandika kilo tu na kumwita anayefuata.