Jiko la kuni: Jiwe hunyonya joto kabla ya kulirudisha

Wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, kwenye ukame na uhaba wa kuni, ukuta wa jiko si jambo dogo. Jiwe halizalishi joto, hulihifadhi tu. Kilo 20 za mawe zikipanda kwa nyuzijoto 200 hunyonya takriban megajuli 3.4, yaani joto la gramu 200 na ushei za kuni kavu, kabla sufuria haijafaidi. Mpishi wa ugali hana sababu ya kulishukuru jiwe hilo. Wa makande yanayochemka kwa saa kadhaa anayo, kwani moto ukififia jiwe hulirudisha joto polepole. Udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na pumba kisha ukachomwa hubaki na vinyweleo. Hunyonya kidogo na kuzuia joto lisitoroke. Mawe ya mtoni yaepukwe: maji yaliyomo ndani yakigeuka mvuke, hupasuka.