Asili ya Kuhamisha Magurudumu ya Motokaa

Msomaji, yamkini umepata kumwona mwenye motokaa akiinyanyua kwa jeki siku ya mapumziko, akayafungua magurudumu ya mbele na kuyafunga nyuma, na ya nyuma akayaleta mbele, ingawa hapana hata moja lililopata pancha. Asiyejua hudhani ni kupoteza wakati bure. Lakini desturi hiyo ina sababu yake, tena ina historia ndefu, iliyopita katika misitu ya Kongo na mashamba ya Malaya kabla ya kufika uani kwa jirani yako.

Sababu ni nyepesi. Magurudumu manne ya motokaa hayafanyi kazi moja. Ya mbele hugeuzwa na usukani, nayo hukwaruzwa pembeni kila penye kona. Tena breki zikifungwa, uzito huelemea mbele. Na yale yanayoendeshwa na injini, yawe ya mbele au ya nyuma, ndiyo yanayong'ang'ania barabara, kwa hiyo huchakaa mapema. Ukiyaacha mahali pamoja siku zote, utakuta mawili yamekuwa kipara ilhali mawili bado yana meno yake. Na mpira ulioota kipara huteleza vibaya mno barabara ikilowa.

Katika lugha yetu, neno mpira ni jina la mti, la utomvu wake, la kitu wanachokipiga watoto uwanjani, na la kile kinachovikwa gurudumu. Ndivyo inavyostahili, kwa kuwa asili ya vyote ilikuwa moja. Zamani utomvu huo haukuwa na faida kubwa: joto likizidi ulinata kama gundi, na baridi ikizidi ulikauka ukapasuka. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kwamba ukipikwa pamoja na salfa hukaza na kustahimili joto na baridi. Alikufa mwaka 1860 akiwa na madeni tele. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa na watu wengine mwaka 1898, wala jamaa zake hawakuwa na fungu humo. Mskoti Robert William Thomson alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa mpira wa kujazwa upepo mwaka 1845, lakini ulimwengu ukamsahau. Ndipo mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, alipopata hati kama hiyo, baada ya kuitengenezea mipira ya upepo baiskeli ya mtoto wake yenye magurudumu matatu.

Tangu hapo kila mtu alitaka baiskeli, na baadaye motokaa. Na hapo ndipo ilipoanza habari ya huzuni. Kongo wakati huo ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliyeitawala tangu mwaka 1885 hadi 1908. Mpira wa mwitu ulitoka katika mitambaa ya msituni, na vijiji viliwekewa kiasi cha kuleta. Wanaume wasipoutimiza, wake zao walishikwa rehani, vijiji vikachomwa moto, watu wakapigwa risasi. Na askari walikata mikono ya maiti, na hata ya walio hai, ili kuwaonyesha wakubwa wao kwamba risasi hazikupotea. Balozi wa Uingereza, Roger Casement, aliyezunguka huko mwaka 1903, aliandika taarifa iliyotangazwa mwaka 1904, na kelele zilizofuata zilimlazimisha Leopold kuiachia nchi. Sidhani kwamba yafaa kusoma habari za baiskeli na motokaa pasipo kuisoma na hii.

Wakati huohuo miti mingine ilikuwa ikikua mbali. Mwingereza Henry Wickham alikuwa amechukua mbegu zipatazo 70,000 kutoka Brazili mwaka 1876 na kuzipeleka London. Miche yake ikapandwa Seilani na Malaya. Miaka arubaini baadaye mashamba hayo yaliushinda kabisa mpira wa mwitu, na nchi zenye motokaa nyingi zikazoea kutegemea upande mmoja tu wa dunia.

Mazoea hayo yalivunjika ghafula. Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942, na Marekani, iliyokuwa ikipata karibu sehemu tisa katika kumi za mpira wake kutoka pande hizo, ikajikuta na motokaa zaidi ya milioni 25 na mpira wa kuhesabika. Hata kabla ya siku hiyo, mwanzoni mwa mwaka, mipira ya magurudumu ilikuwa kitu cha kwanza kugawiwa kwa kipimo nchini humo. Mwenye motokaa hakuruhusiwa kuwa na mipira zaidi ya mitano, yaani minne ya barabarani na mmoja wa akiba. Iliyozidi aliiuzia serikali. Mwendo ulipunguzwa usizidi maili 35 kwa saa, na mwezi Desemba petroli nayo ikagawiwa kwa kipimo nchi nzima. Ajabu ni kwamba petroli yenyewe ilikuwapo kwa wingi sehemu nyingi. Shabaha ilikuwa kuwazuia watu wasiisage mipira.

Katika hali hiyo raia walihimizwa kupima upepo mara kwa mara, kutofunga breki kwa kishindo, na kuhamisha magurudumu, pamoja na lile la akiba, ili yote matano yagawane taabu.  Wakati huohuo viwanda vilifanya haraka kutengeneza mpira kwa kemikali, hata utengenezaji ulipanda kutoka chini ya tani 10,000 mwaka 1941 hadi zaidi ya tani 700,000 mwaka 1945.

Lakini usidhani kwamba vita hivyo vya mpira vilikuwa vya Wamarekani peke yao. Kongo, watu walilazimishwa tena kwenda msituni kutafuta mpira, wakiwamo wazee waliokumbuka ya Leopold. Tanganyika, mashamba ya zamani yaliyopandwa na Wajerumani yalifufuliwa, na baadhi ya wafanyakazi walichukuliwa kwa nguvu ya sheria.

Baada ya vita Wafaransa wa Michelin walileta mpira wenye nyuzi zinazokatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, ukaanza kuuzwa mwaka 1949. Huo hudumu zaidi, lakini kwa miaka mingi mafundi walikataza kuuvusha upande wa pili. Siku hizi katazo hilo limebaki kwa mipira yenye mshale ubavuni unaoonyesha njia ya kuzunguka: hiyo huhamishwa mbele na nyuma kwa upande uleule. Kwa mingine, gari ikivutwa na magurudumu ya mbele, ya mbele huenda nyuma moja kwa moja, na ya nyuma huja mbele kwa kupishana. Ikisukumwa na ya nyuma, kinyume chake. Wengi hufanya hivyo kila kilomita 8,000 hadi 10,000.

Ukiagizwa kusaidia kazi hiyo, gari isimame mahali pa sawa, breki ya mkono ivutwe, na mawe yatiwe kwenye magurudumu yasiyonyanyuliwa. Nati hulegezwa gari ingali chini. Ikinyanyuliwa, hutiwa vigingi vya chuma, wala usiingie uvunguni mwa gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuokota nati. Kukaza nako huenda kwa kupishana, si kwa kufuatana, ili gurudumu likae sawa; kisha upepo urekebishwe, maana kipimo cha mbele na cha nyuma aghalabu hutofautiana. Baada ya kilomita 80 hivi nati zikazwe tena.