Kuweza na Kuwa Tayari: Mtoto na Bunduki katika Historia ya Marekani

Mtoto wa miaka kumi anaweza kufundishwa kupiga bunduki kwa muda wa siku chache. Jambo hili halina ubishi, na neno la kulieleza limetoka katika lugha yetu wenyewe: kadogo. Jeshi la Yoweri Museveni lilipoingia Kampala mwezi Januari 1986, miongoni mwa askari wake walikuwamo watoto, wakiwemo mayatima wa vita vya Luwero. Miaka kumi na moja baadaye, watoto wengine walioitwa kwa jina hilohilo waliingia Kinshasa pamoja na Laurent-Désiré Kabila. Dunia iliposhtuka, haikushtushwa na uhaba wa ufundi wao. Walilenga na kufyatua kama watu wazima. Kilichowafanya wapendwe na makamanda ni utii wao, yaani upungufu uleule wa kupima mambo ambao ungetosha kuwa sababu ya kuwanyima silaha.

Nimeanza na kadogo ili suala la uwezo lisitupotezee muda. Swali gumu ni la utayari: nani huamua kwamba mtoto yuko tayari kufundishwa bunduki, na anapoamua, anapima nini? Kwetu swali hili limeulizwa zaidi vitani. Marekani imeliuliza majumbani, wakati wa amani, kwa zaidi ya karne mbili, na kwa sababu hiyo historia yake inafaa kusomwa na yeyote anayetunga au kusimamia sheria zinazowahusu watoto.

Sheria ya Wanamgambo ya mwaka 1792 iliwataka raia wanaume weupe, kuanzia miaka 18 hadi kabla ya kutimiza 45, wajitafutie bunduki zao. Shambani, hata hivyo, mvulana hakungoja kutimiza miaka 18. Baba ndiye aliyeamua, na umri haukuandikwa popote. Uamuzi huo ulifanana kwa kiasi na jando la kwetu: wakubwa waliomwona kijana kila siku, katika kazi na katika hasira zake, ndio waliosema sasa amekua. Tusiipambe enzi hiyo, kwa maana bunduki hizohizo zililinda utumwa na kupora ardhi za wenyeji asilia. Lakini tuangalie mazingira ya uamuzi wenyewe. Bunduki ilishindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, ikapiga mara moja, kisha ikahitaji kushindiliwa upya. Baruti ilikuwa mali, na aliyeipoteza ovyo alijulikana. Kazi ya bunduki ilionekana: kitoweo, au mnyama mharibifu. Baba aliposema "mwanangu yuko tayari," sehemu kubwa ya utayari huo ilikuwa katika ugumu wa silaha na ukaribu wa baba, wala haikuwa yote katika kichwa cha mtoto.

Karne ya 19 ilipoelekea ukingoni, bunduki ya mtoto iligeuka bidhaa. Kiwanda kimoja cha mitambo ya upepo ya kuvutia maji, huko Plymouth katika jimbo la Michigan, kilianza kuwapa wakulima bunduki ndogo ya upepo kama zawadi kwa kununua mtambo. Zawadi ikapendwa kuliko mtambo, na kiwanda kikaishia kuwa kampuni ya Daisy, ambayo bunduki zake zilipita mikononi mwa vizazi vya wavulana. Muuza bidhaa hana sababu ya kuuliza kama mnunuzi yuko tayari.

Chama cha NRA kilikuwa kimeanzishwa New York mwaka 1871 na maofisa waliohuzunishwa na jinsi askari wa Kaskazini walivyokosa shabaha katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. (Wasomaji wa Uganda wasikichanganye na NRA ya Luwero, historia ina mizaha yake.) Chama hiki, ambacho leo hutajwa hasa kwa siasa zake, kilishiriki katika hatua ambayo naiona kuwa bora kuliko zote katika historia hii. Mwaka 1949 jimbo la New York liliamua kwamba kijana asipewe leseni ya kuwinda kabla ya kupita mafunzo ya usalama, na NRA ikasaidia kuyaandaa. Masharti yake yanaeleweka na yeyote: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwa usichokusudia kukipiga, fahamu kilicho nyuma ya shabaha, kidole kisiguse pa kufyatulia kabla ya wakati. Majimbo mengine yakafuata, baadaye yakisaidiwa na fedha za ushuru wa silaha na risasi, na ajali za uwindaji zikapungua sana. Kwa mara ya kwanza utayari ulipaswa kuonyeshwa mbele ya mtu asiye mzazi.

Mfumo huo ulijengwa kwa ajili ya bunduki inayotoka nyumbani pamoja na mtoto na mkubwa wake kwenda porini. Nusu ya pili ya karne ya 20 ilileta tatizo jingine: bastola inayobaki nyumbani, karibu na kitanda, mara nyingi ikiwa na risasi ndani, kwa hofu ya mwizi. Sheria ilijibu kwa tarakimu. Mwaka 1968 wauzaji wenye leseni walikatazwa kuwauzia bastola walio chini ya miaka 21, na bunduki ndefu walio chini ya miaka 18. Mwaka 1994 ikakatazwa kumiliki bastola kabla ya miaka 18, ila kwa mambo kama mazoezi ya shabaha kwa idhini ya mzazi. Tarakimu humzuia mnunuzi dukani. Mtoto anayefungua droo hakutani nayo.

Kwa ajili ya droo hiyo, NRA ilibuni mwaka 1988 mafundisho ya Eddie Eagle: ukiona bunduki simama, usiiguse, ondoka, mwambie mkubwa. Ni maneno mazuri. Mwaka 2001, jarida la Pediatrics lilichapisha uchunguzi uliofanywa Atlanta. Wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliachwa katika chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi, iliyofichwa katika droo. Wengi waliipata, wengi wa walioipata wakaishika, na theluthi moja hivi wakafyatua. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuifyatua walisema walikwishawahi kufundishwa usalama wa bunduki. Watoto hao walikuwa wamefundishwa, na pengine wangefaulu mtihani siku hiyohiyo. Kufikia mwaka 2020 silaha za moto zilikuwa sababu kuu ya vifo vya Wamarekani wenye umri wa mwaka 1 hadi 19.

Florida ilikuwa imegeuza swali tangu mwaka 1989, ilipotunga sheria ya kwanza ya kumwajibisha mtu mzima aliyeacha silaha mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia. Hapo anayepimwa utayari ni mwenye nyumba. Wengi waliichukulia kuwa sheria ndogo ya uzembe, hadi kesi ya Oxford, Michigan.

Tarehe 26 Novemba 2021 baba mmoja wa huko alinunua bastola akiwa na mwanawe wa miaka 15. Kesho yake mama alimpeleka kijana uwanjani kulenga shabaha. Kwa kipimo cha mwaka 1949 lingeonekana jambo la kawaida: mtoto, mzazi, mazoezi. Siku tatu baadaye, kijana aliwaua wanafunzi wenzake wanne shuleni kwa bastola hiyo. Asubuhi ya siku hiyo wazazi walikuwa wameitwa shuleni kuonyeshwa mchoro wake wa kutisha, wakaondoka bila kumchukua. Mapema mwaka 2024, mama kwanza na baba baadaye, walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Kati ya hukumu hizo mbili za hatia, tarehe 13 Februari, sheria mpya ya Michigan ilianza kazi: penye mtoto, bunduki ifungiwe.