Kampuni chipukizi ya bayoanuwai

Magazetini, kampuni chipukizi ni biashara yoyote changa yenye wazo jipya. Vyuoni maana yake ni finyu zaidi: biashara iliyoundwa kuuza matokeo ya utafiti, yenye mtaji na wakurugenzi wake. Wapo wanaoiita kampuni tanzu. Siwaungi mkono. Kampuni tanzu humilikiwa na kampuni mama, ilhali hii yaweza kusimama bila chuo kushika hisa hata moja. Chipukizi linafaa zaidi kwa kuwa hunywa utomvu wa shina lililolichomoza.

Kwa kampuni ya bayoanuwai katika kaunti ya Taita Taveta, Kenya, shina hilo ni lipi? Wengi watataja Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilicho karibu na Voi na kilichopata hati mwaka 2016, au kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki kilichoko Wundanyi. Mimi nataja kwanza misitu ya Mbololo, Ngangao na Chawia, yenye viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Utajiri huo wa aina za viumbe ndio bayoanuwai.

Mbololo ndiko kwao Saintpaulia teitensis, mmea mdogo wa maua ya urujuani. Jamaa yake wa Usambara alipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliupa mmea jina la ukoo wa mtawala huyo, na mbegu zake zikaanza kuuzwa kutoka Erfurt. Leo humea katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Wakati ule hapakuwa na sheria iliyomlazimu yeyote kuuliza Wasambaa watapata nini.

Kenya sasa inayo. Kanuni za mwaka 2006 zinamtaka anayechukua rasilimali za kijenetiki awe na kibali cha mamlaka ya taifa ya mazingira (NEMA), ridhaa ya wahusika na makubaliano ya kugawana manufaa. Hata hivyo, haziugusi utafiti wa kielimu ulioidhinishwa ndani ya vyuo vya Kenya. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuuchunguza mmea wa Mbololo maabarani kwa miaka, bila mkataba wowote wa manufaa na wanaoishi kando ya msitu. Siku anapoandikisha kampuni, kinga hiyo ya kielimu haimtoshi tena. Ndiyo maana ningependa fasili ya kampuni chipukizi katika kamusi itaje mkataba huo pamoja na mtaji na wakurugenzi.